Barua ya wazi kwa mdogo wangu aandikaye vichwa vya habari

Mdogo wangu mpendwa,

Ninakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei tangu tulipomzika mama, na kwa sababu wewe mwenyewe hupenda kusema kwamba neno likishachapishwa halina tena mwenyewe. Basi na haya yachapishwe. Salamu ninaitanguliza mimi mkubwa, jambo ambalo mama asingelikubali.

Baba mdogo aliusoma wasifu wa marehemu ulioandika wewe, pale chini ya mparachichi, nami nikawa ninahesabu. Mke wa fulani, mama wa watoto saba, bibi wa wajukuu kumi na tisa, mpishi hodari wa makande, mwanakwaya. Kisha, karibu na mwisho kabisa, ukasema kwamba pia aliwahi kufanya kazi katika zahanati. Aliwahi! Miaka 31 ya ukunga, usiku na mchana, kwa taa ya chemli kabla ya umeme kufika, umeifunga katika neno ambalo mtu hulitumia kwa kibarua cha wiki mbili. Kati ya vijana sita waliobeba jeneza, wanne walipokewa duniani na mikono yake, na mmoja wao alizaliwa akiwa ametanguliza miguu.

Ninajua utakachojibu. Utasema kwamba uliniletea karatasi ile usiku wa kuamkia mazishi, na kwamba niliisoma nikakurudishia bila kugusa herufi. Ni kweli. Lakini ulinikuta ninaosha sahani za watu mia mbili, macho yamevimba, na katika familia yetu mwandishi ni wewe. Dereva wa basi kama mimi hamfundishi mwandishi mahali pa kuweka nukta. Hiyo ndiyo sababu, na ukitaka kuiita udhuru, iite.

Hata hivyo, jambo hili halikuanzia makaburini, na wa kwanza kunifungua macho ulikuwa wewe. Agosti 2016 ulikuwa likizo kutoka chuoni, michezo ya Olimpiki inaendelea Rio, ukatusomea kwenye simu habari za Corey Cogdell, Mmarekani aliyeshinda medali ya shaba katika kulenga shabaha. Gazeti la Chicago Tribune lilikuwa limetangaza mtandaoni kwamba mke wa mchezaji wa Bears, timu ya mpira wa Kimarekani, ameshinda medali, na jina lake mwenyewe hawakuliandika. Ulikasirika hadi chai yako ikapoa. Ulitueleza kwamba Cogdell alikuwa tayari na medali nyingine ya shaba, ya Beijing mwaka 2008, na kwamba bunduki haikushikwa na mumewe. Mama aliacha kuchambua maharage akakusikiliza. Nilijivunia wewe siku ile, na sijaacha kujivunia, ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Mwaka mmoja baadaye ulikuja na mpigapicha wa gazeti lako. Nilikuwa nimefika jioni ile kutoka Dar es Salaam, na bado nimevaa sare yangu, shati jeupe na suruali ya bluu. Swali lako la kwanza lilikuwa mume wangu anaichukuliaje kazi hii. La pili, watoto wanapikiwa na nani. Nilipokueleza juu ya Mlima Kitonga, kwamba unaposhuka kutoka Iringa na abiria sitini unaingiza gia nzito kabla ya mteremko na si katikati yake, kwa kuwa breki ikishachemka haisikii la mtu, ulitikisa kichwa na kalamu yako haikusogea. Kisha ukaniomba nivue sare, nivae kitenge cha mama, nichuchumae mbele ya jiko na lile sufuria lenye mshikio mmoja, ili wasomaji waone kwamba udereva haujanibadilisha.

Mama ndiye aliyesema, "Mwacheni na sare yake. Ndiyo aliyokuja nayo." Wewe ulicheka. Mimi nikamwambia, "Mama, nyamaza, hii ni kazi ya mtoto wako." Akachukua beseni lake akatoka nje, na hakurudi jikoni hadi mlipoondoka.

Hapo ndipo ninapokwama. Picha ile ninaweza kukusamehe, kwa maana ulikuwa mgeni kazini na mhariri wako alitaka alichotaka. Kumnyamazisha mtu pekee aliyeona sawasawa, katika nyumba yake mwenyewe, sijui ni nani kati yetu wawili anayepaswa kuanza kumsamehe mwenzake.

Kichwa cha habari kilitoka Jumatatu: "Mama wa watoto watatu amudu basi kama mwanaume." Stendi ya Ubungo yote ilikisoma. Nilikuwa nimeendesha basi kwa miaka sita, na abiria walikuwa wakipanda wakiuliza nauli na saa ya kuondoka. Siku ile mzee mmoja aliuliza kama ni mimi wa gazetini, akadai fedha yake, akaenda kupanda gari la jirani. Wapiga debe walicheka hadi machozi. Ulikusudia kunisifu, nalijua hilo, lakini sifa yako ndiyo iliyomkumbusha yule mzee kuogopa.

Fikiri kidogo juu ya lugha unayoifanyia kazi. Mwingereza akisema dereva ameteremka mlima, sentensi inayofuata itamlazimisha achague kama dereva huyo ni wa kike au wa kiume. Sisi hatulazimishwi na chochote. "Ameteremka" ni ameteremka. Kwa hiyo neno "mwanamke" linapokaa mbele ya dereva, rubani au fundi katika gazeti la Kiswahili, sarufi haikulidai. Kuna mtu amelibeba akaliweka pale, na kwa kuliweka ametangaza kwamba ndani ya neno "dereva" siku zote alikuwa ameketi mwanamume. Na hayo ya "mwanamke wa shoka", "mwanadada" na "mrembo" sitayagusa, nisije nikaandika mpaka alfajiri.

Simaanishi kwamba neno lifutwe. Wangari Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata ilikuwa habari, sawa na kuapishwa kwa Rais Samia tarehe 19 Machi 2021. Siku chache baadaye Dodoma, kwenye kumuaga Hayati Magufuli, Rais aliwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya kike. Tazama alivyopanga maneno: cheo kilitangulia, maumbile yakafuata. Mimi sikuwa wa kwanza kwa lolote. Kwenye njia ile walikuwapo akina mama madereva wawili kabla yangu, na wote wawili uliwajua kwa majina.

Uliwahi kuniambia kwamba bila vichwa vya namna hiyo wanawake hawatatokea magazetini kabisa, ukanitajia uchunguzi wa dunia uliokuta kwamba mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 tu ya watu wanaozungumziwa na kunukuliwa katika habari, na mwaka 2020 wakawa asilimia 25. Nilikubali, na bado ninakubali kwamba robo ni aibu. Ninakubali pia kwamba binti mmoja alinifuata stendi na kipande cha gazeti lako mkononi. Unakumbuka nilivyokusimulia? Sikukusimulia yote. Hakuniuliza leseni ya daraja C inapatikanaje. Aliniuliza, "Dada, mume wako alikubali?" Gazeti lilikuwa limemfundisha kwamba hilo ndilo swali.

Baada ya msiba mwanangu mkubwa, anayesoma kemia, alinionyesha mambo mawili. Mwaka 1964 Dorothy Hodgkin alishinda Nobel ya kemia, naye ndiye aliyegundua umbo la penisilini, ile ile ambayo mama aliwadunga watu wa kata nzima. Gazeti moja la Uingereza likaandika kwamba mama wa nyumbani wa Oxford ameshinda Nobel. Na Machi 2013 alipofariki Yvonne Brill, mhandisi wa roketi aliyebuni mtambo wa kuzisaidia setilaiti zisitoke kwenye njia zake, gazeti la New York Times lilianza tanzia yake kwa kusifu mchuzi wake wa nyama. Mwanangu alisoma hadi hapo akanitazama, nasi tukasema pamoja, "Makande." Tulicheka, mdogo wangu, kisha hatukucheka tena. Lakini wasomaji walilalamika, na gazeti likaibadilisha sentensi ile ya kwanza.

Ni lazima niseme na hili kabla hujaniumbua wewe. Ile habari yako niliiweka kwenye fremu, ikakaa sebuleni miaka mitatu. Tajiri wangu aliisoma akanikabidhi basi jipya, nami sikumwambia kwamba kichwa kilikuwa cha dharau. Nilikuwa na ada za shule za kulipa. Sifa isiyokutosha huvaliwa vilevile mtu akiwa na baridi, na mimi niliivaa.

Fundi wa marumaru anahitaji maneno ya jiwe la kaburi ifikapo Ijumaa. Nimempa jina la mama, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na chini yake neno "Mkunga". Amebakiza nafasi ya mstari mmoja, nikamwambia kwamba huo ni wako. Uandike unavyopenda, hata makande ukitaka, lakini usimpigie yeye kabla hujanipigia mimi.

Dada yako