Samaki wa Kilindini Asipandishwe kwa Pupa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaovua na wanaouza samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika wawe na subira wanapomtoa majini samaki aitwaye Benthochromis horii, wa jamii moja na sato na perege, ambaye dume lake lina mistari ya buluu inayong'aa. Kwa miaka mingi wafugaji walimwita Benthochromis tricoti, hadi wataalamu walipombainisha mwaka 2008 kuwa ni aina ya peke yake.

Samaki huyu hushinda katika maji ya wazi ya kilindini akila vijidudu vinavyoelea, na wapiga mbizi humfuata mita 40 au zaidi. Katika kina hicho mkandamizo ni mara 5 ya ule wa juu ya maji, na kibofu cha hewa cha samaki huyu, kinachomsaidia kuelea, hakina tundu la kutolea gesi. Gesi hupungua kwa kufyonzwa na damu, kidogo kidogo. Akivutwa juu haraka, kibofu hutanuka na kubana viungo vyake vya ndani. Ndiyo maana wavuvi waangalifu humweka kwenye kizimba na kukipandisha hatua kwa hatua, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa.

Mwaka jana nilinunua wanane kwa muuzaji mmoja hapa Dar es Salaam. Watano walikufa ndani ya wiki moja, matumbo yamevimba, wakihangaika bila kuweza kuzama, nami nikaambiwa kosa ni la maji yangu. Maji hayo nilikuwa nimeyapima: nyuzi joto 25 na pH (kipimo cha uasidi wa maji) 8.7, sawa na ya ziwani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Waliosalia, dume mmoja na majike wawili, nimewapa tangi la mita mbili na nusu, bila samaki wakorofi, na taa yao huongezwa mwanga taratibu kwa sababu wakishtuka hujigonga kwenye kioo. Mwezi uliopita jike mmoja aliyeatamia mayai mdomoni alitoa vifaranga 14, ambao hawakuhitaji kupandishwa kutoka kilindi chochote. Wanunuzi wenzangu waulize kwanza kama samaki amezaliwa tangini, na kama ametoka ziwani, alipandishwa kwa siku ngapi. Muuzaji asiyejua majibu hayo tusimpe fedha zetu.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam