Barua kwa mwanangu: usinunue transfoma nyingine

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na shangazi yako anakusalimu.

Umenieleza kwamba treni yako ya mezani inakwenda vizuri upande wa mlangoni, lakini ikifika dirishani taa inafifia na kichwa kinasimama, na sasa unataka transfoma kubwa zaidi. Naomba usinunue. Umeme unaotoka unatosha, ila unapotea njiani. Transfoma kubwa itakuongezea hatari tu: behewa likianguka na magurudumu yakaunganisha reli mbili, mkondo utakuwa mkubwa kiasi cha kuyeyusha plastiki.

Hakikisha kwa mita ya kupimia volti. Pima kwenye transfoma, kisha pima reli za dirishani huku treni ikitembea. Treni ikiwa haitembei hakuna mkondo wa maana, kwa hiyo mita itakuonyesha volti 12 kila mahali na itakudanganya. Ukipata 12 mwanzoni na 9 kule mbali, volti 3 zimeliwa na viungio. Vile vibati vinavyoshika ncha za reli hulegea, na hewa ya Tanga yenye chumvi huingia ndani na kuvitia kutu. Huko Chumbageni bahari iko karibu, kwa hiyo usitegemee kibati kupitisha umeme. Kazi yake ni kunyoosha reli tu.

Dawa ni nyaya. Pitisha chini ya meza nyaya mbili nene za mm 1.5, nyekundu na nyeusi, zizunguke meza nzima. Kisha kila kipande cha reli kipate nyaya zake mbili fupi za mm 0.5 kutoka hapo. Nyekundu iende reli ya nje siku zote, nyeusi ya ndani. Ukikosea hata mara moja, utapata shoti.

Kulehemu ndiko kunakotaka subira. Sugua upande wa nje wa reli kwa tupa ndogo, urefu wa mm 5, mpaka uone chuma kinang'aa. Upande wa ndani usiuguse, maana ukingo wa gurudumu hupita hapo na tone la risasi ya kulehemu litalirusha. Weka kitambaa kibichi kushoto na kulia ili mataruma ya plastiki, vile vipande vinavyobeba reli, yasiyeyuke. Pakaza risasi kidogo kwenye reli, pakaza kwenye waya, halafu vikutanishe na ubane kwa pasi ya kulehemu ya wati 40, sekunde 2 au 3, basi. Ukikawia zaidi, taruma linalegea na reli zinapanuka. Tumia risasi yenye dawa ndani yake. Ile asidi ya mafundi rejeta usiikaribishe kabisa, kwani baada ya muda waya utageuka kijani na kukatika.

Reli ikishapata nyaya zake, unaweza kuacha mwanya mdogo kwenye viungio, usiozidi unene wa kadi ya benki. Mbao za pwani huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na reli iliyobanwa ncha kwa ncha huinuka katikati kama mgongo wa paka. Plaiwudi yako ya mm 12 ipakwe vanishi pande zote mbili na kingoni. Ukipaka juu tu, chini itanyonya unyevu na ubao utapinda.

Kuhusu mabehewa yanayoanguka kwenye kona: meza yako ni futi 8 kwa 4, yaani sm 122 upana, kwa hiyo nusu kipenyo cha kona isizidi sm 56, la sivyo reli itakaribia ukingo mno. Kona hiyo inatosha mabehewa mafupi. Lakini nadhani shida yako ni kiungio kilichovunjika pembe. Lala usawa wa reli, funga jicho moja, tazama. Mstari unatakiwa ujikunje bila kukatika. Ukiona pembe, fumua, lehemu vipande viwili vikiwa vimenyooka, kisha ndipo uvikunje pamoja. Pima pia uzito: behewa la sm 15 lifike gramu 110 hivi. Mabehewa mepesi huvutwa ndani ya kona na kulala. Chubwi za wavuvi zinafaa, gundisha chini kabisa sakafuni mwa behewa, na unawe mikono baada ya kuzishika, ni risasi.

Reli zifute kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Msasa hapana. Unaacha mikwaruzo, na uchafu hukaa humo.

Mandhari yaje mwisho, treni ikishazunguka saa nzima bila kusimama. Kokoto zake usizichote ufukweni, chumvi itavuta unyevu na kula reli. Chukua mchanga wa mto, uoshe mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi, uanike, upitishe kwenye chujio la chai, halafu upitishe sumaku. Chembe nyeusi zitakazonata zitupe, zikiingia kwenye mota zitaikwaruza. Gundi ya mbao changanya na maji nusu kwa nusu, tone la sabuni, dondosha kwa bomba la sindano. Kwenye ulimi wa pointi, pale reli inapogawanyika njia mbili, usidondoshe hata kidogo.

Umesema unataka reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Mombo 1905. Ujue basi kwamba reli yako ya mm 16.5, kwa kipimo cha 1:87, ni upana wa SGR, mm 1,435. Ya Tanga ni mita moja, inayotaka mm 12. Mimi ningeacha reli kama ilivyo na kutia Tanga kwenye mashamba: katani iliyokatwa mm 4 iwe nyasi, na mikonge ya karatasi ya mm 17 kwa safu, baadhi ikiwa na mlingoti wa kijiti cha meno.

Nitumie vipimo vya mita kabla hujafumua kitu.

Mama yako