Tusioshe mabuti kwa maji ya presha yakiwa mguuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe jambo linalonitia hofu kila mvua zinapokatika. Huu ndio wakati ambao watu wengi huondoa ukoga na utelezi kwenye pevingi, ngazi na kuta za bustani, na mashine za kuoshea kwa maji ya presha, ambazo tulizoea kuziona kwa waosha magari, sasa zinanunuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Mashine yenyewe ni msaada mkubwa. Hatari ni kwamba wengi wetu tunaishika kama mpira wa kumwagilia maua.

Utamwona kijana ametoka kwenye viazi, mabuti yamejaa tope hadi juu ya kifundo cha mguu. Anasimama uani, anainua mguu mmoja na kujipigia maji huku buti amelivaa. Mashine ndogo ya nyumbani hutoa maji kwa presha ya bar (kipimo cha presha) 100 hadi 150, wakati tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kitu. Mkondo wa namna hiyo, ukiwa mwembamba na karibu, unaweza kupenya buti na ngozi, ukaingiza maji, udongo na vijidudu ndani ya nyama. Kinachopotosha ni kwamba kwa nje huonekana kitundu kidogo tu, pengine bila damu ya kutisha, ilhali ndani uharibifu umeshaenea. Mtu akipatwa na jeraha hilo asibandike plasta akalale; aende hospitali saa ileile na amweleze daktari kuwa amepigwa na maji ya presha, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji wa haraka. Mabuti yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi na maji ya ndoo. Watoto nao wasisogee kabisa mashine inapofanya kazi, na anayeitumia avae viatu vilivyofunika miguu na miwani ya kukinga macho, maana kokoto huruka.

Dukani, muuzaji atakutajia bar na bei. Muulize pia mashine inatumia lita ngapi kwa dakika. Nyingi za nyumbani hutumia kama lita 6 hadi 8, hivyo dumu la lita 20 huisha kwa dakika tatu hivi, na pampu ikizunguka bila maji huharibika upesi. Kabla ya kununua, pima bomba lako: likijaza ndoo ya lita 20 ndani ya dakika mbili, linatosha. Anayetegemea simtanki ahakikishe mashine ina uwezo wa kuvuta maji yenyewe. Uliza pia nozeli, yaani vichwa vya kutolea maji, zinazokuja nayo; nyuzi zake huonyesha jinsi mkondo unavyotanuka. Nyekundu, ambayo kwa kawaida ni ya nyuzi 0, hukusanya maji yote mahali pamoja, na kwa maoni yangu haina kazi bustanini. Ya kijani ya nyuzi 25 na nyeupe ya nyuzi 40 zinatosha. Anza mbali, kisha sogea taratibu. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na maji haya huchimbua udongo huo katikati ya tofali. Shina la mparachichi nalo lisielekezewe, kwa kuwa gome likichubuka magonjwa hupata mlango.

Kuhusu umeme, soketi iwe na waya wa ethi unaofanya kazi na kifaa cha kukata umeme unapovuja, mambo ambayo fundi umeme anaweza kuyakagua kwa muda mfupi. Maungio ya ekstensheni yasilale kwenye maji. Wenye mashine za petroli wasiziwashe ndani ya banda au gereji, kwani moshi wake huua. Na kwa ndugu zetu wa Makete na Njombe, ambako Juni na Julai baridi hugandisha maji usiku, pampu imwagwe maji yote kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo inaweza kupasuka.

Nawaomba wauza mashine, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, wasimkabidhi mteja boksi lililofungwa. Walifungue mbele yake, wamwonyeshe kufuli la kifyatulio na tofauti ya nozeli, na wamweleze kwa Kiswahili onyo la kutojielekezea maji mwilini, kwa kuwa vitabu vingi vya maelekezo huja kwa lugha za kigeni.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya