Neno moja ndani ya Baba Yetu

Ndugu Mhariri,

Barua ya msomaji wenu mmoja imeniuma. Anasema wanaosali "utupe leo riziki yetu" wameharibu Maandiko, kwa kuwa Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Injili, kinasema wazi "mkate wa kila siku". Hapana, hakisemi hivyo.

Nilisoma Kigiriki miaka 2 seminarini. Upadri sikuufikia, leo ninaoka mikate hapa Kadutu, na mama mkwe tunayeishi naye ni Mprotestanti. Jioni tukisali, mimi na mke wangu tunasema "mkate wetu wa kila siku", mama anasema "riziki yetu" kama Biblia yake ya 1952 ilivyoandika, halafu sauti zetu zinakutana tena kwenye "utusamehe". Kusikia mama huyu akiitwa mharibifu wa Maandiko, siwezi kunyamaza.

Neno lenyewe, lile linalofasiriwa "wa kila siku", ni epiousios. Liko Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Kama shida ingekuwa kusema "kila siku", Kigiriki kilikuwa na njia zake: Yakobo 2:15 imetumia efemeros, na Luka, katika mstari ule ule wa sala, ameweka kath' hemeran, yaani siku kwa siku. Je, angerudia jambo moja mara mbili kwa pumzi moja? Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, aliandika katika karne ya 3 kwamba neno hili hakulikuta kwa wenye elimu wala vinywani mwa watu wa kawaida. Aliona waandishi wa Injili ndio waliolibuni.

Mwaka 1889 ilichapishwa karatasi ya mafunjo kutoka Misri, orodha ya matumizi ya nyumbani, na msomi mmoja akadhani amelisoma neno hilo humo. Wengi wakashangilia. Karatasi ikapotea, ikaja kuonekana mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha Yale, na waliosoma upya wakakuta limeandikwa elaiou: mafuta.

Basi tunabaki na kulipasua neno. Wengine wanasema ni epi, yaani juu ya au kwa ajili ya, pamoja na ousia, yaani kuwepo, uhai: mkate unaotosha mtu kuishi. Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alifuata njia hiyo katika Mathayo, akaandika mkate upitao asili. Lakini katika Luka, kwa neno lile lile, akaandika wa kila siku! Shida ya njia hii ni kwamba epi ikikutana na irabu kwa kawaida hupoteza i yake, na tungetazamia epousios. Wengine wanalitoa kwenye kitenzi cha kuja. Hapo i ni ya kitenzi chenyewe, na Matendo 16:11 inasema te epiouse, siku iliyofuata. Yeronimo huyo huyo anasimulia kwamba katika Injili ya Waebrania, kitabu cha kale kisichomo katika Biblia, alikuta neno la Kiebrania mahar, kesho.

Mimi nimeegemea huko, na ni kazi yangu iliyoniegemeza. Saa 2 za usiku nakanda unga, natia hamira, nafunika beseni kwa kitambaa cha unyevu na kuliweka karibu na tanuri ambalo bado lina joto. Saa 10 alfajiri unga umepanda hadi kuinua kitambaa. Mkate wa siku inayokuja uko mikononi mwangu tangu leo, na usiku ambao unga umekwisha guniani najua vizuri kesho itakuwaje kwa watoto. Nikiomba "utupe leo" mkate huo, sioni mgongano wowote.

Lakini riziki nayo ni fungu la mtu, kile kinachomfanya aishi, na hapo mama mkwe amesimama karibu sana na wale wa ousia. Hakuharibu kitu. Naomba barua hii ichapwe ukurasa ule ule ilipotoka ya kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule, ili nimsomee.

Mwokaji mikate, Kadutu, Bukavu