Karisa, mwambie Charo asiguse kile kigango

Karisa ndugu yangu,

Vipi, za masiku? Mimi mzima, ni mvua tu. Ya huku Vancouver si kama yetu, inyeshe iishe watu warudi shamba, hii inadondoka kidogo kidogo wiki nzima kama mfereji uliokufa washa. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, najua umenuna, Kadzo kanipa zote. Na ungenuna zaidi ungejua ile voisi yako nimeisikiliza mara nne. Nilianza kukujibu nikiwa kwenye basi, kidogo kidogo nikajikuta napiga kelele kwa Kigiriama watu wamegeuka wote wananitazama, nikazima. Nikasema heri niandike, angalau kwa kuandika siwezi kukukata maneno.

Hii habari ya Charo umeisema kama habari ya kuku. Ati kuna jamaa wa gari la Probox kaja Ganze mara mbili anaulizia "ile miti ya wazee", yaani vigango, zile nguzo tulizowachongea wazee wetu waliokufa, Charo akampeleka mpaka kule kwa tsawe, babu yetu, na sasa kuna bei. Kuna bei Karisa! Halafu mara ukaingilia mambo ya mpira. Haya, ngoja nisianze kuchemka mapema, nikwambie kwanza kilichonipata huku ndio utaelewa kwa nini silali.

Mwezi uliopita kikundi chetu, Wakenya na Watanzania tunaosali pamoja, tulienda kutembea Stanley Park. Ni msitu mzima uko ndani ya mji, na upande wa baharini pale Brockton Point kuna miti tisa imechongwa, mirefu kama mnazi, ina macho makubwa, midomo ya ndege, dubu, nyangumi, imepakwa rangi nyeusi, nyekundu na kijani. Hizo ndizo totemu, zile unazoona kwenye kalenda. Watu wakatoa simu. Mama mmoja wa kwaya, mtu wa Songea, akasema jamani tuondokeni hapa, hizi ni sanamu za mashetani watu walikuwa wanaziabudu. Aliposema hivyo alikuwa ashapiga selfi tatu. Mimi nikamwambia mama, hata kwetu Ganze tuna kigango nyuma ya nyumba. Akafurahi kweli! Akaniuliza padri anakuja mara ngapi kwa mwezi. Kumbe kwao kigango ni kale kakanisa kadogo ka kijijini kaliko chini ya parokia. Nikamjibu haji sana. Nikamwacha hapo hapo.

Lakini nilivyofika nyumbani nikaona nimefanya vibaya kunyamaza. Manake ni maneno yale yale tuliyoambiwa sisi Sunday school, unakumbuka, mpaka tukawa tunapita kule nyuma kwa tsawe tukikimbia. Na mimi nilikuwa nishawahi kupigwa kofi na hawe, nyanya yetu, kwa kupitisha kidole kwenye zile pembetatu ndogo ndogo zilizochongwa kifuani pa kigango, nikajua kabisa ni mungu nimemgusa. Hawe hakusema ni mungu. Alisema, "Huyo ni babaye tsawe wako, utamtekenya?"

Basi siku ya ofu nikaenda makumbusho ya chuo kikuu cha huku, nikashinda pale mpaka wakafunga. Bro, hakuna anayeabudu ule mti. Ule mti ni kama tangazo la kifo, hati ya shamba na picha ya harusi umeziunganisha kwenye gogo moja. Kwa Wahaida, wale wa visiwani kaskazini, mtu ni ama Kunguru ama Tai, unafuata kwa mamako, na ukiwa Kunguru unaoa Tai, hamuoani wenyewe kwa wenyewe. Wale wanyama ni nembo za ukoo, na kila nembo ina kisa chake, na kisa kina wenyewe, huwezi kuamka tu ukachonga dubu kwa sababu dubu anapendeza. Kuna ile ya mbele ya nyumba, mingine ilikuwa na mlango umetobolewa chini kabisa unaingilia tumboni. Kuna ya kumkumbuka aliyekufa. Kuna ambayo juu yake liliwekwa sanduku la mifupa ya marehemu mwenyewe. Halafu kuna ya aibu, hii ungeipenda wewe: mtu akikataa kulipa deni unamchongea mti unausimamisha watu wote waone. Fikiria tungekuwa nayo pale stejini, Charo angekuwa na yake mitatu.

Wanatumia mwerezi mwekundu, wanaulaza chini, wanachonga kwa tezo, tezo kama ya mafundi wa madau pale Kilifi, na ukisogea karibu unaona alama zake zimepangana kama magamba ya samaki. Kuusimamisha ni kamba na watu, kijiji kizima, halafu karamu, na mwenye mti ndiye anayewapa wageni zawadi ili wawe mashahidi. Yaani wewe ndiye unalipa watu wakumbuke. Kama Gohu tu, kile chama cha wazee wetu! Tsawe mkubwa aliuza ng'ombe wangapi kuingia Gohu, si baba alikuwa anatuhesabia kila Krismasi? Na mtu asiyekuwa wa Gohu hachongewi kigango, basi.

Sasa kitu kilichonichekesha ni hili neno lenyewe. Totemu si neno la wachongaji wa huku. Ni la Waojibwe, watu wa kule kwenye Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, maelfu ya kilomita kutoka hapa, wanasema doodem, maana yake ukoo, korongo, dubu, samaki na kadhalika. Na Waojibwe hawasimamishi miti hii! Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, John Long, akaliandika kwenye kitabu chake 1791, wasomi wakalipenda, wakalibandika kila mahali. Wahaida wana neno lao, gyaa'aang. Ni kama mtu achukue neno la Kijaluo akaliite nalo kigango chetu halafu dunia nzima ifuate. Yule Mganda ninayekaa naye nilipomweleza doodem akasema hiyo si ni muziro tu? Yeye ni wa ukoo wa Mmamba, yaani samaki kamongo, hali kamongo hata umpe na ugali moto, na msichana wa Mmamba ni dada yake hata kama hawajawahi kuonana. Kwa hivyo mambo ya neno anayaelewa yeye Mganda, mambo ya mti nayaelewa mimi Mgiriama, na mzungu kayafunga pamoja akayaita kitu kimoja.

Na kazini kuna msemo wao, ukiwa wa cheo cha chini wanasema wewe ni mtu wa chini kwenye totemu. Supavaiza wangu kanipa hiyo wiki ya kwanza. Saizi najua kumbe mara nyingi huyo wa chini ndiye anayechongwa na fundi mkuu mwenyewe, kwa vile ndiye yuko usawa wa macho ya watu. Nimemwambia. Hakucheka. Bado napakia maboksi.

Sasa sikiliza hapa ndio pananiuma. 1862 ndui ilianzia mji wa Victoria ikapanda pwani yote, vijiji vikabaki na nyumba na miti bila watu. Halafu serikali ya Kanada ikapiga marufuku zile karamu, kuanzia 1885 mpaka 1951, miaka 66. Bila karamu utausimamisha mti vipi? Ndipo watu wa makumbusho wakaja na misumeno, wakisema wanaokoa. Na si wa makumbusho peke yao, 1899 wafanyabiashara wa Seattle, waheshimiwa kabisa wenye tai shingoni, walisimamisha meli kwenye kijiji kimoja cha Watlingit kule Alaska wenyewe wakiwa hawapo, wakaukata mti wakaenda kuusimamisha katikati ya mji wao kama pambo. Hata hapa Stanley Park miti ya kwanza ilinunuliwa Alert Bay miaka ya 1920 ili watalii wapate cha kutazama, na ardhi yenyewe ni ya makabila ya Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh, waliokuwa wakiishi pale pale mpaka wakafukuzwa. Kuna mmoja tu nilisimama mbele yake muda mrefu, ulisimamishwa 2009, Msquamish mmoja anaitwa Robert Yelton alimchongea mamake, Rose, aliyekuwa kati ya watu wa mwisho walioishi pale. Huo nikavua kofia. Mvua ikanipata vizuri.

Na kuna mti wa Wahaisla, kabila jingine la pwani hii, wa chifu G'psgolox, aliyefiwa na watoto wake kwa ndui, akauchongesha 1872, kama mita tisa hivi. 1929 konsuli wa Uswidi akapata kibali cha serikali, akaukata, ukaenda zake Stockholm. Wenyewe wakabaki wakijiuliza mti umeenda wapi, mpaka 1991 ndio wakaujua uko wapi. Wakaenda kuuomba. Waswidi wakawaambia sawa, lakini mjenge kwanza nyumba ya kuuhifadhi usioze. Usioze! Karisa, kwao mti ukianguka unaachwa, unaoza, unarudi chini, ndivyo inavyotakiwa. Ulirudi 2006, nao Wahaisla wakawachongea Waswidi mwingine wabaki nao.

Niliposoma hapo nikamsikia hawe kabisa: kigango hakihamishwi. Watu wakihama mji, kigango kinabaki, mchwa wakila basi ni kazi yao. Unakumbuka kile cha mwisho kule kwa mwembe, kilichoinama, vitambaa vimechakaa hujui kilikuwa chekundu ama cheupe, nasi tulikuwa tunauliza kwa nini hakitengenezwi?

Na sisi tulikatwa vile vile, ila sisi ni usiku, na ni vijana wetu wenyewe, ndio aibu. Watafiti walihesabu karibu vigango 300 kwenye makumbusho ya Marekani. Umesikia ya mzee Kalume Mwakiru wa kule Kaloleni? 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si muda vikaibwa. Mzee kahangaika, kauliza kila mahali, kafa hajaviona. Miaka ya tisini mwishoni huyo mama yuko kwenye mkutano wa wasomi, mwenzake anaonyesha picha za kigango cha makumbusho ya Illinois, akakitambua! Cha pili kikapatikana Virginia. Kati ya 2006 na 2007 vyote viwili vikarudi Kenya. Na 2014 makumbusho ya Denver wakasema wanarudisha 30, vikafika 2019, lakini hivyo hakuna anayejua vilikatwa mji gani, kwa nani. Vimerudi Kenya, nyumbani havijarudi. Vya Mwakiru vilirudi kwa familia yake kwa sababu ya ile picha tu.

Kwa hivyo nakuomba. Chukua simu yako, si ile ya skrini iliyopasuka, azima ya Dama, nenda kwa tsawe asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, upige kila kigango mbele, nyuma, ubavu, karibu kabisa kwenye zile pembetatu, na kingine cha mbali kionyeshe mwembe na ile nyumba ya makuti. Mpige na bamkubwa akiwa amesimama kando, kama atakubali. Halafu unitumie mimi peke yangu. Usiweke kwenye grupu ya ukoo, haki ya Mungu usiweke, yule wa Probox atakuwa ana mtu humo. Na Charo mwambie, bila kumgombeza, unajua akigombezwa anafanya makusudi, mwambie Kazungu kasema hiyo bei aliyopewa atamtumia yeye, kidogo kidogo, kila mwezi. Sijui nitaitoa wapi. Wewe mwambie tu.

Sasa nijibu. Vimesimama vingapi? Mimi nakumbuka vitano lakini nilikuwa mtoto, labda vinne na kisiki. Kile kilichoinama bado kipo ama kishaanguka? Huyo jamaa anaongea lugha gani, ni wa Malindi ama wa kutoka bara, na uliona namba ya gari? Bamkubwa anajua? Mbona hajanipigia yeye? Na lile shamba, ni kweli wanataka kuligawa ama ni maneno ya Kadzo? Goti la mamako linaendeleaje? Na wewe ile kazi ya Mtwapa ilikuwaje, mbona kwenye voisi umeipitia juu juu?

Nimekutumia elfu moja kwa simu. Mia tano ni ya mnazi, wamwagie wazee, uwaambie niko huku na sijawasahau. Si ya Charo. Mia tano nyingine jaza bando, hizo picha zitakuwa nzito.

Wako,
Kazungu