Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Shule: tuondolee fomu ya vitenzi

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Wiki iliyopita mkaguzi wako aliketi nyuma ya darasa langu, akafungua andalio la somo na kulikata lengo kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika: "Mwanafunzi aelewe kwa nini sehemu zenye asili tofauti hazijumlishwi moja kwa moja." Nikaambiwa kwamba kwa fomu yako, inayopima somo kwa vitenzi vya malengo yake, kitenzi "aelewe" hakipimiki, na somo zima liko "ngazi ya chini". Muda wote huo watoto walikuwa wakibishana ubaoni kuhusu nusu na theluthi. Hakuwatazama.

Ngazi hizo za kufikiri tunazijua. Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake walizitoa mwaka 1956 ili watahini wa vyuo wapate lugha moja ya kubadilishana maswali. Mwaka 2001 wataalamu wa elimu Anderson na Krathwohl wakazipanga upya: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kuunda. Naam, Mheshimiwa, kuelewa kumo. Waliongeza pia mgawanyo wa aina za maarifa, ila fomu yako imeuacha. Nadhani karatasi haikutosha.

Sasa tunafanyaje? Tunabandika "linganisha" palipokuwa na "taja". Nikiwaandikia wanafunzi tofauti za mraba na mstatili Jumatatu, halafu Ijumaa nikauliza "linganisha mraba na mstatili", nimepima kumbukumbu tu, lakini fomu inanipa alama zote. Kitenzi hakijui mtoto alifundishwa nini jana.

Kwenye semina ulituahidi mitihani itabadilika kwanza, fomu ifuate. Fomu ilikuja mbio. Mitihani ingali inauliza "taja" na "orodhesha", na ni kwa matokeo hayo hayo tunapangwa, tunasemwa, tunanyimwa kupanda daraja. Usiku najaza fomu huku madaftari yakinisubiri bila kusahihishwa, na asubuhi ninaulizwa mbona watoto hawafikiri. Kwa kweli sijui nijibu kwa kitenzi kipi.

Semina nyingine siitaki. Naomba fomu iondolewe. Ikishindikana, basi mkaguzi asome madaftari ya wanafunzi kabla ya kufungua andalio langu, aone mtoto alivyofika kwenye jibu. Hata hilo likiwa zito, asome daftari moja. Moja tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Hisabati