Barua ya malalamiko: picha ya sura iliyochorwa kwenye pembe ya ndovu

Kwa Meneja,
Kampuni ya Ukarabati wa Vitu vya Kale,
London.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA PICHA YANGU NA KUPOTEA KWA NYWELE ZILIZOKUWA NYUMA YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliwakabidhi picha ndogo ya mwanamke, ya miaka ya 1780, iliyochorwa kwenye bamba la pembe ya ndovu ndani ya kidani cha dhahabu. Stakabadhi yenu inasema wazi: kibadilishwe kioo cha mbele chenye ufa, picha isiguswe. Mmenirudishia uso usio na mdomo wala shavu la kushoto.

Fundi wenu anasema alipitisha kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Tangu mchoraji Rosalba Carriera alipoanza kuchora kwenye pembe huko Venice, karibu na mwaka 1700, kazi hii imefanywa kwa rangi za maji zilizochanganywa na gundi ya mgunga. Pembe haiinywi rangi kama karatasi. Rangi hukaa juu juu, na maji huiyeyusha hata baada ya miaka 200. Wachoraji kama Richard Cosway walipaka nyuso kwa wepesi mno ili weupe wa pembe ung'ae kutoka chini, kwa hiyo penye shavu ndipo palipokuwa na rangi haba kuliko pote. Fundi asiyelijua hilo hakupaswa hata kukifungua kidani.

Kisha bamba limebandikwa kwa gundi kwenye kadi mpya. Pembe hutanuka na kusinyaa kufuatana na unyevu wa hewa; ikibanwa hivyo, hupasuka.

Linaloniuma zaidi ni nywele. Nyuma ya kidani, chini ya kioo chake, palikuwa na shungi la nywele lililosukwa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Halimo. Mtu wenu wa mapokezi aliniambia kwamba "uchafu wa nyuma" ulitupwa. Zile zilikuwa nywele za mtu, zimehifadhiwa vizazi na vizazi.

Mmeniandikia pia kwamba picha kama hizi zimejaa minadani. Sheria ya Pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inapiga marufuku karibu biashara yote ya pembe hapa Uingereza, lakini imezitenga picha ndogo za sura zilizotengenezwa kabla ya 1918, zisizozidi sentimita za mraba 320. Bunge limeona zina thamani ya pekee. Nanyi zioneni hivyo.

Nataka mtafute nywele hizo na kioo cha zamani, na mniandikie kila kitu kilichotumika juu ya picha, gundi ikiwemo, kwa kuwa mtaalamu atakayeibandua lazima ajue ni ya aina gani. Mtaalamu huyo nitamchagua mimi, gharama mtalipa ninyi, na ada yangu mtairudisha. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitafungua madai mahakamani.

Wenu,
Mteja